Deni la Anayejua

Mtu akikuonyesha chapa ya ubao kutoka Japani, labda hekalu kwenye theluji au mashua kwenye ukungu, swali la kwanza linalomjia karibu kila mmoja wetu ni hili: "Lakini hii ni orijino?" Ukiwa mbele ya picha ya rangi za mafuta, swali hilo lina maana. Mchoraji mmoja, turubai moja. Ipo moja tu, nyingine zote ni nakala. Kwa chapa ya ubao swali linateleza mkononi kama samaki. Hakuna moja. Zilikuwa mia, pengine elfu, na zote zilitoka kwenye mbao zile zile. Na huyo "mwenyewe" tunayemtafuta, yule aliyeifanya kwa mkono wake, mara nyingi hakushika kisu wala hakugusa rangi.

Nilisoma Tokyo kwa miaka miwili, na Jumamosi zangu nyingi ziliishia Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vikuukuu ambako baadhi ya wauzaji huuza chapa pia. Pesa za maana sikuwa nazo. Nilichokuwa nacho ni muda, na wazee wa maduka yale wakishaona mikono yako ni misafi na huna haraka, wanakuacha uangalie. Nilijifunza kuigeuza karatasi kabla ya kuisifu. Miaka ilipita kabla sijahitaji kuyatumia hayo niliyojifunza, na siku ilipofika niligundua kwamba swali la uorijino lina jibu, hata kama ni refu. Swali lililonisumbua ni jingine: anayejua anadaiwa nini na asiyejua?

Wacha nianze na namna kitu chenyewe kinavyotengenezwa, maana hoja yote inasimama hapo.

Kwa desturi ya Kijapani chapa moja ina watu wanne. Mchoraji huchora kwa wino kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji huibandika karatasi hiyo kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha huchonga kuizunguka mistari mpaka karatasi inakwisha na mchoro unabaki kwenye mti. Yaani mchoro wa mkono wa mchoraji, kile ambacho sisi tungekimbilia kukiita orijino, huangamizwa ili chapa izaliwe. Baada ya hapo kila rangi huchongewa ubao wake. Mchapaji hupaka ubao rangi ya maji kwa brashi, hulaza juu yake karatasi yenye unyevu, kisha huisugua mgongoni kwa baren, kisahani kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Alama mbili ndogo zilizochongwa pembeni mwa kila ubao humsaidia kuilaza karatasi pale pale kila mara. Karatasi moja inaweza kupita mkononi mwake mara thelathini au zaidi kabla picha haijakamilika. Mtu wa nne ni mchapishaji. Huyu hutoa mtaji, humchagua mchoraji, huwalipa wengine, na mara nyingi mbao ni mali yake.

Sasa niambie, kati ya hao wanne, orijino ni ya nani?

Mwanzoni mwa karne ya 20 kazi hii ilikuwa inakufa. Kamera na mashine za uchapaji zilikuwa zimewanyang'anya wachongaji riziki. Mchapishaji mmoja wa Tokyo, Watanabe Shozaburo, hakukubali ife. Kuanzia miaka ya 1910 aliwatafuta wachoraji wa kizazi kipya, akawaunganisha na wachongaji na wachapaji wa mtindo wa kale, na kazi yao ikaja kuitwa shin-hanga, yaani chapa mpya. Hapo ndipo tunapowakuta Ito Shinsui na picha zake za wanawake, Ohara Koson na ndege wake, na Kawase Hasui, mtu wa theluji, mvua na mwezi. Wanunuzi wengi walikuwa Wamarekani. Jumba la sanaa la Toledo, katika jimbo la Ohio, lilifanya maonyesho makubwa ya chapa hizi mwaka 1930 na tena 1936. Ni biashara iliyojua wateja wake wanataka nini: Japani ya taa za karatasi na mahekalu, wakati Japani yenyewe ilikuwa inajenga reli na viwanda.

Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko la ardhi lilipiga Tokyo na Yokohama, na moto uliofuata ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Mbao za Watanabe ziliungua. Chapa zilizokuwa stoo ziliungua. Hasui alipoteza nyumba na madaftari yake ya michoro. Tangu siku hiyo soko limegawanyika sehemu mbili, kabla ya tetemeko na baada yake, na chapa ya kabla hutafutwa sana kwa sababu rahisi kwamba zimebaki chache.

Hapo ndipo kazi ya kutambua inapoanza, na kwa kweli si uchawi. Unachukua kwanza lenzi ya kukuzia. Ukiona rangi imejengwa kwa nukta ndogo ndogo zilizojipanga, hiyo ni kazi ya mashine, picha ya kitabu au ya kalenda, hata kama imewekwa kwenye fremu ya dhahabu. Chapa ya ubao rangi yake imezama ndani ya nyuzi za karatasi. Igeuze: mara nyingi utaiona rangi imepenya hadi mgongoni, pamoja na alama za mviringo za baren iliyosuguliwa. Karatasi yenyewe ni washi, ya nyuzi ndefu za kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Kisha unatazama madhara: rangi iliyopauka kwa jua, pambizo zilizokatwa ili picha itoshe kwenye fremu, gundi na utepe wa kunata mgongoni, madoa ya unyevu. Kila kimoja kinashusha bei.

Mwisho unasoma pambizo, maana pale ndipo ilipoandikwa tarehe ya kweli. Tarehe iliyo ndani ya picha ni ya mchoro. Mbao zikitunzwa zinaweza kuchapa tena baada ya miaka kumi, ishirini, hamsini. Watanabe alibadilisha mihuri yake kadiri miaka ilivyokwenda, na wajuzi wameipanga kwa vipindi. Muhuri mdogo wa duara wa kama milimita 6, kwa mfano, ni wa chapa za baada ya Vita Vikuu vya Pili. Doi, mchapishaji mwingine wa Tokyo aliyefanya kazi na Hasui, aliandika pambizoni majina ya mchongaji na mchapaji, na kwa kuwa watu hao walibadilika, majina yao yanasaidia kukisia chapa ni ya lini. Nilipenda sana kuona majina yale. Watu wawili ambao makumbusho huwasahau wamebaki pembeni mwa karatasi, na leo wanakumbukwa kwa sababu wanamsaidia mnunuzi kujua bei.

Kwa hiyo picha ile ile ya Hasui, hekalu lile lile jekundu katika theluji ile ile, inaweza kuuzwa kwa bei mbili zilizo mbali kama usiku na mchana. Zote zimetoka kwenye ubao. Zote zimechapwa kwa mkono. Hakuna iliyoghushiwa. Tofauti yao ni muhuri mdogo kuliko punje ya mhindi.

Wapo Wajapani walioona kwamba mpango huu wa watu wanne ndio ugonjwa wenyewe. Mwaka 1904 kijana mmoja, Yamamoto Kanae, alitoa chapa ya mvuvi ambayo aliichora, akaichonga na kuichapa yeye mwenyewe. Kutokana na wazo hilo vuguvugu la sosaku-hanga, chapa za ubunifu, liliinuka: mchoraji afanye yote kwa mkono wake, vinginevyo yeye ni mfanyakazi wa kiwanda tu. Onchi Koshiro alikuwa nguzo yao. Baada ya vita dunia iliwasikia. Mwaka 1951 Saito Kiyoshi alipata tuzo São Paulo, na mwaka 1956 Munakata Shiko akatwaa tuzo kuu ya uchapaji kule Venice. Ungedhani kwamba kwao hao, angalau, swali la orijino limekwisha. Halijakwisha. Onchi alichapa karatasi chache mno za kila mchoro, alikuwa na haraka ya kwenda kwenye kazi nyingine. Baada ya kifo chake mwaka 1955 mbao zake zilichapwa tena na watu wengine. Chapa hizo zipo, ni za Onchi, na si za mkono wa Onchi. Mlango ambao vuguvugu liliufunga kwa ufunguo ulifunguliwa kwa nyuma.

Mtu aliyenifundisha zaidi katika jambo hili ni Yoshida Hiroshi, aliyezaliwa 1876. Alianza na Watanabe, kisha akafungua karakana yake mwaka 1925 ili asimamie kila hatua mwenyewe. Mwaka 1926 alitoa picha za mashua katika Bahari ya Ndani ya Seto. Kwa mbao zilezile alichapa asubuhi, mchana, ukungu, jioni na usiku, kwa kubadilisha rangi tu. Ukizipanga mezani unaona siku nzima inapita juu ya bahari moja. Muulize mtu ipi kati ya hizo ndiyo yenyewe, na utamwona anaanza kutabasamu, maana swali linajiharibu lenyewe.

Chapa zilizotoka chini ya usimamizi wake Yoshida alizipigia muhuri kwenye pambizo ya kushoto, herufi mbili zinazosomeka jizuri, yaani "imechapwa na mwenyewe". Kumbe mara nyingi waliochapa ni mafundi wake, yeye akiwa amesimama kando, anakataa hii, anakubali ile. Yeye mwenyewe alijua pia kuchonga na kuchapa, basi hakuwa anadanganya kuhusu uwezo wake. Neno lile lilikuwa na maana ya dhamana: nimeiona hii, na ninaisimamia. Alifariki 1950. Familia yake iliendelea kuchapa kutoka kwenye mbao zile, kwa mafundi waliofunzwa humo humo, bila muhuri wa jizuri. Mwanawe, Yoshida Toshi, alikuwa msanii mkubwa kwa haki yake. Wanyama wa Afrika aliwachora sana, katika chapa na katika vitabu vya watoto. Karakana ilifanya biashara yake wazi. Aliyenunua chapa ya baada ya 1950 hakuibiwa chochote.

Mpaka hapo ni historia. Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike haya.

Daraja la sasa la Nyali lilipokuwa linajengwa, kabla ya kufunguliwa mwaka 1980, marehemu mume wa shangazi yangu alikuwa karani kule Mombasa, na akafanya urafiki na mhandisi mmoja wa Kijapani. Mhandisi alipoondoka alimwachia zawadi ya kwaheri: mashua za Yoshida, ile ya asubuhi. Kwa zaidi ya miaka arubaini picha hiyo ilikaa ukumbini kwa shangazi, mbali na dirisha, kwa bahati nzuri. Sisi watoto tuliita "majahazi ya Kijapani". Ndiyo chapa ya kwanza niliyoiona maishani, na labda ndiyo iliyonipeleka Jimbocho, sijui.

Miaka mitatu iliyopita mjukuu wa shangazi alipata nafasi chuo kikuu na karo haikuwepo. Binamu yangu alipiga picha majahazi yale kwa simu, akamwonyesha mfanyabiashara mmoja wa Nairobi anayependa vitu vizuri. Yule bwana alitafuta kwenye intaneti, akaona bei ya mashua za Yoshida, akataja kiasi ambacho kingelipa karo ya mwaka mzima na salio likabaki. Hakuuliza lolote. Shangazi akanipigia.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyeyasoma haya. Njoo uiangalie kabla sijaitoa."

Nilikwenda. Karatasi ilikuwa safi ajabu, rangi bado zinapumua. Pambizo ya kushoto ilikuwa tupu. Hakukuwa na jizuri. Bei aliyoitaja yule bwana ilikuwa bei ya chapa yenye muhuri.

Niliwaambia. Binamu yangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nayaheshimu, kwa sababu hayakuwa ya mtu mjanja, yalikuwa ya mtu anayefikiri.

"Sikiza ndugu yangu. Moja, bei ameitaja yeye, hatukumtajia. Pili, mbao ni zile zile, karakana ni ile ile, wewe mwenyewe umesema haijaghushiwa. Tatu, yeye anazo, sisi hatuna. Tumemdanganya wapi? Sisi tutanyamaza tu."

Hoja ya kwanza ni ya kale sana. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero aliandika juu ya mfanyabiashara aliyefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, akitoka Alexandria. Njiani ameziona merikebu nyingine nyingi zimesheheni nafaka, zinakuja. Wenyeji hawajui. Je, awaambie, bei ianguke, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Cicero anasimulia kwamba wanafalsafa wawili wa shule moja ya Wastoa waligawanyika. Diogenes wa Babeli alisema muuzaji anadaiwa kutaja kasoro ambazo sheria inataka zitajwe, basi; kutomwambia mtu jambo si kumficha. Antipatro, mwanafunzi wake, alisema binadamu ni jamaa, na ukinyamaza ili ufaidi ujinga wa jamaa yako, umemficha. Cicero mwenyewe aliegemea kwa Antipatro. Binamu yangu, bila kuwahi kumsikia, alikuwa Diogenes mtupu.

Nami naona ukimya unakuwa uongo pale ambapo unajua kwamba mwenzako anakushikilia wewe kama ukuta anaouegemea. Yule bwana hakutaja bei hewani. Aliitaja kwa sababu aliamini kitu fulani, na sisi tulikijua kile anachokiamini, na tulijua si kweli. Kuanzia hapo kunyamaza kwetu kungekuwa ni kuishika ile imani isianguke mpaka pesa ziingie kwenye simu.

Hoja ya pili ilinitoa jasho zaidi, maana nusu yake naikubali. Mimi naamini kwamba soko linauabudu muhuri kupita kiasi. Nimeweka chapa mbili za namna hiyo bega kwa bega, na jicho langu limeshindwa kuona kwa nini moja iwe na bei ya mara kadhaa ya nyingine. Uhaba ndio unaolipiwa, pamoja na kule kutaka kugusa kitu ambacho marehemu alikiangalia. Kwangu huo si uzuri. Basi kwa nini niutii ubishi wa matajiri, shangazi yangu aukose mkate?

Nilipolifikiri sana niliona kwamba swali langu lilikuwa limekaa upande usio wake. Pesa zilikuwa za yule bwana. Kama anataka kulipia jicho la Yoshida lililopita juu ya karatasi ile mwaka 1926 au 1940, ni haki yake kuwa na tamaa hiyo, hata kama mimi naiona ya kitoto. Nikiamua kwa niaba yake kwamba muhuri hauna maana, na kwa hiyo hana haja ya kujua haupo, nitakuwa nimemnyang'anya uamuzi na kuuita uamuzi wangu ukweli. Na kama kweli ninaamini kwamba chapa zote mbili ni sawa, ninaogopa nini kumwambia? Hofu yenyewe ilikuwa inanijibu.

Hoja ya tatu, kwamba anazo na sisi hatuna, ndiyo yenye uchungu, na siwezi kuifukuza kwa maneno mawili. Mhitaji ana haki ya kuomba, hata ya kudai kwa sauti. Hiyo haimpi haki ya kuchukua kutoka kwa mtu aliyefumbwa macho. Lakini hebu tusikimbie. Yule anayesema maneno hayo kwa kawaida ni mtu aliyeshiba, na siku ile aliyeshiba nilikuwa mimi. Nilikuwa na tiketi ya kurudi Nairobi mfukoni. Ukweli niliouleta ukumbini pale haungenigharimu hata shilingi. Ungemgharimu mjane. Kama nisingekuwepo, shangazi angeuza kwa moyo mweupe, bila kumdanganya mtu, kwa sababu hakujua. Ni mimi niliyeleta ujuzi, na ujuzi ndio ulioleta deni. Je, ni haki mimi niondoke na mikono safi, yeye abaki na bili?

Nimesoma makala nyingi kuhusu uaminifu katika biashara ya sanaa, na karibu zote zinasimama kabla ya kufika hapo. Zinasema: muuzaji aseme anachojua. Sawa. Haziulizi gharama ya kusema inaangukia nani.

Shangazi alikuwa ametusikiliza wote wawili, anakunja na kukunjua ncha ya leso yake. Yeye ni mtu aliyelelewa na vyuo vya Mombasa, na anajua kwamba katika fikihi mnunuzi akiuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa ana khiyari ya kukirudisha. Kasoro hiyo kwa Kiarabu inaitwa ayb, na ndilo neno lililotupa sisi "aibu".

"Mimi hii picha siijui aibu yake," alisema. "Ilikuwa nzuri jana, na leo ni nzuri. Lakini nikijua neno na nikalificha, aibu itakuwa yangu mimi, haitakuwa ya picha. Mwambieni. Akiitaka bado, aichukue."

Binamu yangu hakuridhika, na alikuwa na haki yake. "Na karo, mama?"

Hakujibu. Alinitazama mimi.

Nilimwandikia yule bwana yote: mbao ni za 1926, chapa ni ya baada ya 1950, imetoka karakana ya familia, haina jizuri, hali yake nzuri kabisa, na zawadi ilivyofika Mombasa. Alichukua siku mbili kujibu. Aliinunua, kwa chini ya nusu ya kiasi alichokuwa amekitaja kwanza. Hakutushukuru kwa uaminifu wetu. Aliandika tu kwamba bei sasa ni hiyo. Sikumlaumu. Ukweli ulikuwa haki yake, na mtu hashukuru kwa kupewa kilicho chake.

Karo ya muhula mmoja ililipwa. Iliyobaki tuliigawana jamaa kwenye kikundi cha simu, na mimi nilichukua fungu kubwa zaidi. Natamani ieleweke kwamba sikufanya hivyo kwa ukarimu. Nilikuwa nalipa bili yangu. Nilikuwa nimedai ukweli usemwe, na ukweli ulikuwa na gharama, na mtu anayedai ukweli usemwe ashike upande mmoja wa mzigo wake. Hilo ndilo jambo moja ninaloweza kusema kwa uhakika baada ya yote haya. Anayejua ana madeni mawili. La kwanza ni kwa mnunuzi, na linalipwa kwa maneno. La pili ni kwa yule ambaye maneno hayo yatampunguzia, na hilo halilipwi kwa maneno.

Najua si kila mahali linawezekana. Mtathmini hawezi kumfidia kila mteja aliyegundua kwamba urithi wa bibi ni picha ya kalenda. Daktari hawezi kulipia dawa za kila mgonjwa aliyemwambia habari mbaya. Lakini hata pale ambapo fidia haiwezekani, kulijua deni kunabadilisha sauti ya anayesema. Wazee wa Jimbocho walikuwa na sauti hiyo. Ukiwaletea chapa wakaona haina thamani uliyoitarajia, hawakucheka wala hawakukuhubiria. Walikuonyesha pale pambizoni, wakakueleza polepole, kisha wakasifu kitu kimoja cha kweli katika picha yako, rangi ya anga au ukali wa mstari, ili usirudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka ya 1952 na 1953 kamati ya serikali ya Japani ya kuhifadhi urithi wa utamaduni iliagiza chapa kutoka kwa Hasui na Shinsui, na ikarekodi hatua zote, za mchongaji na za mchapaji, ubao baada ya ubao. Walichotaka kukihifadhi ni kazi yenyewe: mikono mingi inayopokezana kitu bila kukiharibu. Tangu kisa kile naiona hata biashara ya chapa hivyo hivyo. Mchoraji humkabidhi mchongaji, mchongaji humkabidhi mchapaji, mchapishaji humkabidhi mnunuzi, na mnunuzi wa kwanza humkabidhi wa pili. Kila mmoja anaweza kuipoteza alama fulani njiani, na asiyejua anayemfuata hataweza kuirudisha.

Kabla picha haijatoka Mombasa nilichukua bahasha ya karatasi isiyo na asidi, nikaandika juu yake kwa penseli yale yale niliyomwandikia yule bwana, pamoja na jina la karani aliyepewa zawadi. Shangazi aliomba niongeze neno moja. Nikaongeza: mwenye nyumba aliitundika mbali na dirisha.